Kiti cha Jirani

Wanangu mnaoandika habari siku hizi, mmoja wenu alinisimamisha juzi sokoni Rumonge, hapa kwetu Burundi, akanionyesha simu yake. Alikuwa ameandika habari ya Tanzania: serikali ya kule imefanya hivi, imekataa vile, na wananchi wake wamechoka. Akaniuliza, "Mama Goreti, iko sawa?" Nami nikamwuliza, "Ulipoandika 'serikali ya Tanzania', ulimwona nani?" Kijana akacheka. Akasema hakumwona mtu, ni habari tu.

Mimi nilikuwa namwona dada yangu. Muda wote nilioketi nyuma ya maikrofoni ya redio yetu ndogo ya Rumonge, kila niliposoma neno Tanzania nilimwona Perpetua, dada yangu mkubwa. Nilimwona amekaa jikoni kwake Kagunga, kijiji cha kwanza ukishavuka mpaka, redio imening'inia kwenye msumari, anachambua dagaa na kunisikiliza. Mawimbi ya redio yanapita juu ya ziwa bila kuomba viza, kwa hiyo kila nililosema huku lilifika kule kabla sijafunga mdomo. Kumbukeni hilo mnapoandika, maana simu zenu zinafika mbali kuliko redio yangu.

Sasa nimestaafu. Nakaa Kigwena kwenye michikichi aliyotuachia baba, na ninamkumbuka dada yangu kiasi kwamba nikikamua mawese naongea naye kwa sauti. Majirani wamezoea, wanasema Mama Goreti bado yuko hewani.

Tulivuka kwenda Tanzania kama wakimbizi tukiwa watoto. Yeye alikuwa na umri wa kutembea, mimi nilikuwa mgongoni kwake. Nimesoma kule, nimejifunza Kiswahili kule, nimechapwa viboko vya ngeli za nomino kule. Muda wa kurudi ulipofika mimi nilirudi na mama, lakini Perpetua alikuwa ameshaolewa Kagunga, ana watoto, na amepewa uraia. Alitusindikiza hadi Kabonga, upande wa Burundi wa mpaka. Pale hatukulia sana, maana mama alikuwa amekataza. Perpetua akanishika mkono akasema, "Nitakuja nile mawese ya baba. Nipe muda kidogo." Aliiacha michikichi ile akiwa mtoto na hajaiona tena. Tangu siku ile kitu kimoja nimekitaka kuliko vyote, nacho ni kumwona dada yangu amekaa Kigwena, mkono wake unang'aa mawese.

Basi nikaingia redioni. Aliyenichukua ni mhariri na bosi wetu, Chef Nestor, mtu mfupi mwenye koti la suti katika joto la ziwani, aliyekuwa akibana maneno kama anayalipia kodi. Alinipa karatasi nisome kwa majaribio. Nilipomaliza akawaambia wenzake, "Huyu Kiswahili yake iko ya shule kabisa. Akisema 'samahani', muntu anaweza kufikiri amekosa kweli." Wakacheka, nikaajiriwa.

Studio ilikuwa chumba kimoja. Ukutani tulibandika trei za mayai ili sauti isigonge, na mvua ikinyesha juu ya bati tulisimamisha habari tukapiga muziki. Kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa kusoma magazeti ya majirani. Na hayo magazeti mnadhani yalikuja vipi? Yalikuja yamefunga glasi! Wafanyabiashara wa vyombo walileta mzigo kutoka Kigoma, kila glasi imeviringishwa kwenye ukurasa wa gazeti. Wao walichukua glasi, sisi tulichukua kanga ya glasi. Kisha tulizinyoosha kurasa kwa pasi ya mkaa. Chef Nestor alinisimamia akiniambia nisiache pasi ikae mahali pamoja. "Goreti, sha, unaunguza waziri wa watu!" Kuna siku nilimwunguza mmoja kweli, nikabaki na nusu ya hotuba yake, nikasoma nusu hiyo hiyo.

Lakini jambo lililotufanya tuwe redio tofauti na nyingine lilikuwa kiti. Kilikuwa kiti cha plastiki cha buluu, kimepasuka kidogo mgongoni, na kiliwekwa mbele ya msomaji, upande wa pili wa meza. Sheria ya Chef Nestor ilikuwa hii: huwezi kusoma habari ya serikali ya jirani mpaka mtu wa nchi hiyo awe amekaa kwenye kile kiti. Hakutakiwa kusema neno, kazi yake ilikuwa kukaa tu. Habari ikiwa ya Tanzania, tulikwenda sokoni tukamwita Issa, muuza masufuria. Habari ikiwa ya Kongo, tulimwita Mama Furaha, mnunuzi wa ndagala, dagaa wetu, aliyekuwa akivuka kutoka ng'ambo ya ziwa.

Siku ya kwanza niliona ni mchezo. Nikamwuliza Chef, kama hasemi kitu, anasaidia nini? Akanijibu, "Wewe iko unasoma Tanzania kama vile ni mulima. Tanzania ni bantu. Soma, halafu muangalie Issa kwa macho."

Nikasoma. Karatasi iliandikwa, "Serikali ya Tanzania imejitetea vikali." Nikainua macho. Issa ameshika kofia yake magotini, ananitazama kwa adabu kama mtu aliyeitwa shuleni kwa ajili ya mtoto wake. Ulimi ukasita wenyewe, nikakohoa. Nikajiuliza, hivi imejitetea au imeeleza? Mbona juzi serikali yetu ilisema jambo hilohilo na tukaandika imefafanua? Nikasoma "imeeleza". Hakuna aliyeniamrisha, wala Issa hakufahamu kilichotokea. Nilipomaliza aliniuliza tu kama redio inahitaji sufuria.

Wahenga walisema msema pweke hakosi. Ndivyo sisi watu wa habari tulivyo tukisema ya jirani. Tunasema peke yetu, tunajijibu, tunajipa ushindi. Tukipumzisha ziwa kwetu ili samaki wazaane, tunaandika kwamba serikali inalinda mali ya vizazi vijavyo. Jirani akifanya hivyohivyo, tunaandika kwamba anawanyima wavuvi riziki. Samaki mwenyewe ni yuleyule, huku anaitwa mukeke na kule mgebuka, na hajui ni waziri gani anayemlinda. Wao nao, msidhani ni malaika. Katika zile kurasa za glasi nilisoma mambo juu ya serikali yetu hata nikajiuliza ni Burundi ipi hiyo, labda ipo nyingine.

Mama Furaha ndiye aliyetupa shida, kwa sababu kunyamaza hakukuwa kipaji chake. Mara moja nilisoma kwamba "Kinshasa inafuatilia kwa karibu kila kinachotendeka kwenye fukwe zetu." Tukiwa hewani, yeye akaangua kicheko. "Kinshasa? Miye tangu nizaliwe siyaonaka Kinshasa, na yenyewe haiyaniona bado! Munajua ku mbali namna gani, mama?" Watu wa Magara, huku huku ufukweni kwetu, walipiga simu wakitaka arudiwe. Tangu hapo nikaacha kuandika kwamba mji umesema au mji umekasirika. Mji hauna mdomo. Tafuta nani alisema, alikuwa amesimama wapi, na alikuwa akimwambia nani. Ukimkosa, basi huna habari, una harufu tu.

Na "duru za kuaminika", jamani! Siku moja Chef Nestor alinituma nifuatilie duru moja iliyosema jambo zito juu ya serikali ya ng'ambo. Nikafika Magara, kwa mchuuzi wa samaki aliyekuwa amemwambia mwandishi wetu. Mchuuzi akasema ameisikia kwa mwenye boti. Mwenye boti akasema ameisikia kwenye redio ya kule. Nikapiga simu kwa mtu wa redio ya kule, akanijibu bila aibu, "Si tumeisikia kwenu, dada?" Habari ilikuwa imeoga ziwani ikarudi nyumbani na nguo mpya. Mpaka leo nikisikia duru za kuaminika nakumbuka jua la Magara na nauli yangu.

Nilimsimulia Perpetua kwenye simu habari za kiti chetu. Alicheka mpaka akakohoa. "Yaani nyie serikali yetu mnaikalisha kwenye plastiki iliyopasuka?" Nikamwambia ndiyo kiti tulicho nacho. Alipomaliza kucheka akasema, "Huyo bosi wenu ana akili. Mtu akiwa mbele yako, maneno yanavaa nguo." Nikaliandika neno lake kwenye kiganja nikamsomea Chef kesho yake. Akalipenda, akalichukua, mwishowe akawa analisema kama la kwake.

Halafu Chef Nestor akaugua akaondoka kazini, na baadaye akaondoka duniani. Nilimlilia kama mzazi. Akaja direkteri mpya kutoka Bujumbura, kijana msafi, mchapakazi, sitamsema vibaya. Alituletea kompyuta, akabandua trei za mayai akaweka sponji ya kisasa. Na kiti akakitoa. Alisema kinachukua nafasi, na tena wageni wanaingia studio bila sababu. Nikaenda kumweleza. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema, "Maman, hapa ni redio, haiko salon ya kupokea wageni." Kiti kikapelekwa barazani, akakikalia mlinzi.

Ule ndio msimu ambao Perpetua alikuwa anakuja. Hatimaye! Watoto wake wamekua, mume amemruhusu, viatu amenunua. Mimi nimepaka chokaa chumba cha mbele, nimewaambia vijana wa Kigwena wasiangushe chikichi za mti wa karibu na njia mpaka dada azikute juu. Kila siku tulipigiana simu kuulizana upuuzi. Aliniuliza kama kile kisima bado kipo. Nikamwambia kipo. Akauliza kama bado kina chura.

Wiki hiyohiyo upande wa Tanzania wakatangaza kusimamisha uvuvi kwa muda, samaki wapumzike. Wavuvi wetu wa Kabonga waliozoea kuvuka wakarudi mikono mitupu, wakaja redioni na hasira zao. Ni habari, na ilistahili kusomwa. Lakini jinsi ilivyoandikwa! "Jirani atunyang'anya kitoweo mdomoni." Chini yake maneno ya chuki, serikali ile ina roho mbaya, ina wivu, imetuchoka tangu enzi za ukimbizi. Hakuna hata mstari mmoja wa mtu wa kule. Nilikataa kuisoma. Nikamwomba direkteri, "Basi tumwite Issa akae tu, nitaisoma mbele yake." Mwenzangu mmoja akasema, "Acheni, Mama Goreti ni Mutanzania." Akapewa mwingine, akaisoma kwa sauti ya ngoma, wakairudia mchana na jioni.

Kesho yake Perpetua akanipigia. "Siji, mdogo wangu."

"Ni kwa sababu ya redio?"

"Ni kwa sababu ya redio."

Sikuuliza zaidi. Niliumia, halafu nikanuna. Nilikuwa nimemtetea hadi nikaitwa majina ofisini, naye ananiadhibu mimi? Tukaanza kuongea kwenye simu kama mabalozi. Habari za afya, habari za wajukuu, wasalimie wote. Nikigusa safari anasema "tutaona". Kisha ikaja miaka ya mpaka kufungwa kwa ugonjwa, kisha yakaja magoti yangu. Chikichi za mti wa njiani zikaiva zikaanguka, msimu baada ya msimu, na kila zilipoanguka nilisikia vibaya.

Siku ya kuniaga redioni waliniuliza nataka zawadi gani. Nikasema nataka kile kiti. Walidhani natania. Wakanipa kitenge na keki, na kiti nikakibeba mwenyewe juu ya pikipiki hadi Kigwena. Nikakiweka barazani, kinatazama njia ya kutoka Nyanza-Lac, upande wa mpakani, njia ambayo angeijia. Mjukuu wangu akitaka kukikalia namwambia kina mwenyewe.

Mwaka huu nikasema basi, kama mlima hauji, mimi na magoti yangu tutakwenda. Nikachukua basi hadi Nyanza-Lac, nikafika Kabonga, nikagongewa muhuri, nikavuka. Nilitaka nimshike mkono nimlete, awe amekasirika au hajakasirika. Nikafika kwake mchana. Mlango umefungwa. Jirani yake, mama mmoja aliyekuwa akianika muhogo, akaniambia, "Bibi Pepe yuko kazini."

"Kazi gani tena, umri ule?"

"Nenda dukani kwa Ramadhani, utamkuta."

Duka la Ramadhani lina baraza pana linalotazama ziwa. Wanaume wamejaa kwenye mabenchi, mmoja amesimama anawasomea gazeti la Kigoma. Katikati yao kabisa, kwenye kigoda, amekaa dada yangu. Nywele nyeupe zote. Ungo wa dagaa magotini, anachambua, hasemi na mtu. Nikasimama nyuma ya nguzo nimtazame kwanza, maana machozi yalikuwa yameshafika.

Msomaji akafika kwenye habari yetu. "Serikali ya Burundi," akaanza, kisha akainua macho akamwona Perpetua na ungo wake. Akakohoa. Akaliruka neno lililokuwa limeandikwa, akatafuta jingine, akasema polepole, "Serikali ya Burundi imeeleza kwamba..."

Wanangu, nilishika nguzo. Kikohozi kile nakijua. Kile kikohozi ni changu, ni cha siku ya Issa na kofia yake.

Ramadhani ndiye aliyeniona. Nilipojitambulisha akapiga makofi kwa furaha. "Kumbe wewe ndiye wa redio! Huyu bibi ndiye Burundi yetu hapa. Asipokuwepo tunasema ovyo. Akiwepo, tunapunguza." Wanaume wakacheka, wengine wakainama kwa haya. Perpetua akainua uso. Hakushangaa hata kidogo. "Umekonda," akasema. "Huko hamli?"

Baadaye nyumbani kwake, tukichambua dagaa pamoja, nikamwuliza. Akanijibu bila kunitazama. "Ile siku redio yenu ilipotutukana, hapa palichafuka. Kina mama wa Kabonga walikuwa wamekuja na ndizi zao na mawese, kama kila siku ya soko. Wanaume wakaanza kuwaita majina. Serikali yenu hivi, serikali yenu vile, kana kwamba mama wa ndizi ndiye aliyeandika. Nikaona kesho watawafukuza. Nikakumbuka kile kiti chenu. Nikachukua kigoda nikaenda nikakaa katikati yao."

"Na wakanyamaza?"

"Wakanyamaza. Kesho yake nikarudi. Tangu hapo kina mama wanauza salama. Sasa nikija kwako kula mawese, mdogo wangu, hapa atakaa nani?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umenuna." Akacheka, akanirushia kichwa cha dagaa.

Nililala kwake siku kadhaa, tukala, tukagombana juu ya chura wa kisimani. Sikumleta. Nilirudi peke yangu na kopo la dagaa. Nilipofika Kigwena nilikikuta kiti barazani kinatazama njia, na nikakaa chini kando yake nikalia vizuri, bila mama wa kunikataza. Miaka yote nimemwekea dada yangu kiti, kumbe alikuwa ameshakaa kwenye kile cha kule.

Ninajivunia, lakini sitawadanganya, namtaka hapa. Sisi sote wawili tumezeeka na mchikichi haumsubiri mtu. Kule Kagunga wanayasoma yenu kwenye simu, pale pale dukani kwa Ramadhani, na kila mkiandika jirani kama mlima yeye anazidi kung'ang'ania kigoda chake. Kwa hiyo mkitaka kuandika juu ya serikali ya watu, kiti hiki cha buluu kipo, njooni mkichukue, mkalisheni mtu mbele yenu kwanza. Andikeni vizuri, wanangu, dada yangu apate kuinuka.